Msomaji Asiyejua Madoadoa

Kuna msomaji mmoja ambaye wahakiki wetu bado hawajamgusa. Hanunui kitabu, haji kwenye uzinduzi, na hutamsikia akilalamika kwamba riwaya ni ndefu. Anakaa kwenye seva mbali na hapa, anangoja umtumie sentensi, halafu anakurudishia namba. Ukiandika maoni chini ya habari, au ukituma malalamiko kupitia simu, inawezekana yeye ndiye anakusoma kabla ya binadamu yeyote. Msomaji mwenye nguvu hivyo anafaa kusomwa pia.

Tumchukue mmoja anayejulikana: Perspective API, iliyotengenezwa na Jigsaw, kitengo cha Google, na kuzinduliwa 2017. Kazi yake ni kupima sumu kwenye maneno. Kumwita ni rahisi ajabu. Programu yako inatuma ombi lenye vitu vitatu: maandishi, lugha yake, na sifa unayotaka ipimwe. Jibu linarudi kwa JSON, na ndani yake kuna namba kati ya 0 na 1. Mistari michache ya Python na umemaliza, chai haijapoa.

Sasa isome hiyo namba vile ungesoma mstari wa shairi. Ukipata 0.7, maelezo ya huduma yenyewe yanasema ni kama kusema watu 7 kati ya 10 wangeona maoni hayo yana sumu. Na sumu ni nini? Ni maneno ya kukosa adabu, heshima au busara, yanayoweza kumfanya mtu aondoke kwenye mazungumzo. Sawa. Lakini hao kumi ni akina nani? Wanakaa wapi, wanacheka nini, nani aliwafunza adabu? Riwaya ikituambia "watu walisema", tunauliza mara moja ni watu gani. Desimali haiulizwi. Inavaa suti ya hesabu na tunaipisha mlangoni.

Walioiuliza walipata majibu. Mwaka 2019, utafiti ulioongozwa na Maarten Sap wa Chuo Kikuu cha Washington ulionyesha kwamba mifumo ya kutambua maneno ya chuki ilikuwa na uwezekano wa hadi mara mbili zaidi kuzipa twiti za Wamarekani Weusi alama ya kuudhi. Hiyo ni Marekani, ndani ya Kiingereza chenyewe. Namna watu Weusi wanavyoongea nyumbani kwao iligeuka kosa, kwa sababu waliozipa sentensi alama hawakusikia utani, walisikia matusi. Kama mashine inajikwaa ndani ya lugha inayoijua zaidi, fikiria ikipelekwa kwa jukwaa la maoni la Nairobi.

Kwenye orodha ya lugha za Perspective utapata Kicheki, Kiswidi, Kipolandi, Kiindonesia. Utapata hata ile mseto ya Kihindi na Kiingereza inayoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kiswahili hakimo. Sheng nayo usiulize. Kwa hivyo hatuwezi kuambiwa kwamba lugha ya mseto ni ngumu mno kwa mashine, kwa maana mseto wa wenzetu umeingia. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kuna haja.

Ukituma Kiswahili na kusema ukweli kwamba ni Kiswahili, huduma inakataa: inakurudishia kosa kwamba lugha hiyo haiwezi kupimwa. Kwangu mimi, hilo ndilo jibu la heshima kuliko yote inayotoa. Msomaji amekiri hajui. Shida ni sisi tunaojenga. Deadline iko kesho, mteja anataka kuona namba, na kuna njia mbili za panya. Ya kwanza, unaandika kwenye ombi kwamba lugha ni Kiingereza. Kosa linapotea, namba inakuja. Ya pili, unapitisha kila kitu kwa mashine ya kutafsiri kwanza, halafu unatuma tafsiri.

Zote mbili zinatoa namba, na hapo ndipo hatari iko. Mtu akimwambia msanii "umeua bana", neno kwa neno hiyo ni tuhuma ya mauaji, na mtaani ni makofi. Dada akimwandikia rafiki yake "wewe ni mjinga sana, kuja tule", hapo kuna upendo na chapati. Lakini hizo ni hasara ndogo. Maoni yanafichwa, mtu anakasirika, maisha yanaendelea.

Hasara kubwa iko upande wa pili, kwa sentensi ambazo mashine inaziacha zipite zikiwa zimechana nywele. Chukua "tuondoe madoadoa". Kwa tangazo la sabuni, ni sentensi safi kabisa. Kwenye Bonde la Ufa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, madoadoa walikuwa watu: majirani walioitwa wageni kwa ardhi waliyoishi. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, iliyozaliwa na sheria ya 2008 baada ya ghasia hizo, ililiweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022, pamoja na kwekwe na mende. Hakuna tusi hapo. Ni doa, ni magugu, ni mdudu wa jikoni. Rwanda nayo inakumbuka 1994 mende waliitwa akina nani.

Msomaji anayetafuta ukosefu wa adabu hawezi kuona hilo, kwa sababu chuki ya kwetu mara nyingi ina adabu. Inaongea kwa mafumbo, kama wazee. Lakini orodha ya NCIC peke yake haitatuokoa. Ukiiweka kwenye msimbo wako kama kichungi, utamnyamazisha muuza sabuni, mkulima anayeuliza dawa ya kwekwe, na manusura anayesimulia alivyoitwa doa. Mashine inakosa neno. Orodha inakosa mazingira. Kusoma ni kushika vyote viwili.

Na kuna kejeli moja ya kuuma. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama hapa Kenya walikuwa wakilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha, ili OpenAI ijenge chombo cha kutambua maudhui mabaya. Yaani macho ya Mkenya yametumika kumfundisha msomaji wa mashine. Ilhali Mkenya huyo huyo akiandika vile anaongea, mashine nyingi za aina hii zinambabaikia. Tumetoa jasho la usomaji bila kupewa kiti mezani.

Sisemi tusiziite huduma hizi. Msimamizi mmoja hawezi kusoma maoni 40,000 usiku wa kura, na kumwachia peke yake ni ukatili pia. Perspective yenyewe inaonya kwamba namba yake isiachiwe kuamua yote bila binadamu. Basi tuiheshimu onyo hiyo. Namba ipange foleni ya nani asomwe kwanza, isihukumu. Kabla ya kuiunganisha, andika sentensi mia za mtaani kwako, utani, matusi, mafumbo, na uone inapoanguka. Tuangalie pia kazi iliyofanywa karibu na nyumbani: mkusanyiko wa AfriSenti wa 2023 una twiti zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zikiwa zimepewa alama na watu wanaozizungumza. Unapima hisia, haupimi chuki, kwa hivyo si jibu la madoadoa. Lakini pale angalau unaweza kusema hao kumi ni akina nani.

Na lile kosa likirudi, kwamba lugha haitambuliki, usilifiche kwa kuandika Kiingereza. Liache lionekane, lihesabu, mwonyeshe mteja. Sentensi ambayo mashine imekiri haijui kuisoma ipelekwe kwa mtu anayeijua, na mtu huyo alipwe.