Jiko Jipya Pekee Halifungui Kifua cha Mwenye Pumu

Serikali imepanga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kwa kaya ya Songwa, wilayani Kishapu, inayokoka kuni ndani ya nyumba yenye kidirisha kimoja, hiyo ni habari njema, maana moshi huzichokoza njia za hewa za mwenye pumu hadi zikabana. Kosa huanza pale mtungi wa gesi unapodhaniwa kuwa ndiyo tiba yenyewe. Utafiti mkubwa wa Malawi uliochapishwa 2016 ulizipa familia majiko yenye feni na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000, na nimonia haikupungua. Ni kweli, pale haikupimwa pumu. Lakini sababu zilizotajwa zinatuhusu: taka ziliendelea kuchomwa, sigara zikavutwa, na majiko yenyewe yakawa yanaharibika.

Marekani utafiti mwingine ulifanyika tofauti, kwa watoto 937 wenye pumu katika miji saba, matokeo yakatolewa 2004. Watafiti hawakuanza na kifaa, walianza na mtoto. Alipimwa kwenye ngozi ijulikane mwili wake unakataa nini, wahudumu wakamtembelea nyumbani mara kadhaa, na kila kaya ikapewa hatua za vichochezi vyake: vifuniko vya godoro kuzuia utitiri wa vumbi, kuua mende, kuondoa moshi wa sigara. Mwaka wa kwanza siku za dalili zilikuwa 3.39 kwa kila wiki mbili, dhidi ya 4.20 kwa wasiohudumiwa, na nafuu ikadumu mwaka wa pili, ziara zilipokwisha kukoma. Mwaka mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imejaribu vifuniko peke yake kwa watu wazima zaidi ya 1,000. Havikusaidia.

Mtu atauliza: Songwa tutapata wapi vipimo vya ngozi? Naamini uzito uko kwenye utaratibu, na utaratibu huanza kwa maswali. Anabanwa lini: usiku kitandani, nyumba ikifagiliwa, dawa ya mbu ya kuchoma ikiwashwa, au mbuzi wakilala ndani? Jibu ndilo linaloonyesha pa kuanzia, iwe kunyunyiza maji kabla ya kufagia, kuanika godoro juani, kutumia chandarua, kujenga banda, au kuhamishia mafiga nje wakati wa kiangazi. Mengi ya hayo ni nafuu kuliko kujaza gesi. Hayachukui nafasi ya dawa, hata hivyo: anayelazimika kuvuta salbutamoli kila siku anafunguliwa kifua kwa muda tu, uvimbe ndani ya njia za hewa ukibaki palepale, na huyo anahitaji dawa ya kuvuta ya kinga hata nyumba ikiwa safi.