Uhodari Uliofichwa Chini ya Tenki

Ukitoka Karen kwa matatu ya 111 kuelekea Ngong, utakapofika Embulbul, au Bulbul kama wenyeji wanavyopaita, macho yatapokewa kwanza na pikipiki. Zimejipanga kwenye steji, kila moja na mavazi yake: taa mbili za spoti kando ya taa kubwa, ukanda wa taa ndogo chini ya kiti, redio karibu na usukani, chaja ya simu, honi yenye sauti ya lori. Mpita njia huona mapambo. Mimi huona kazi ya fundi wa nyaya, mtu ambaye hakuna anayemtaja, na nataka kumtaja.

Vifaa hivyo kwa kawaida havikuja na pikipiki kutoka kiwandani. Pikipiki za Boxer na TVS zilifurika Kenya baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi CC 250 mwaka 2008. Ziliundwa ziwe nyepesi, zile mafuta kidogo, zimpeleke mtu kazini na kumrudisha. Huku kwetu zimegeuka chombo cha riziki kinachoamka kabla ya adhana na kulala usiku wa manane, tena kwenye njia za vumbi na matope zisizo na taa hata moja. Anayembeba mama mjamzito usiku kwenda hospitalini hakuweka spoti ili apendeze. Simu nayo ndiyo steji ya pili ya mwendeshaji: humo wateja humpigia, humo hulipwa kwa M-Pesa. Ikizima, kazi imesimama.

Ndiyo maana mteja huja kwa fundi na orodha ndefu. Fundi mzuri huanza kwa kuikata.

Hapo ndipo ustadi wote ulipo, kwa maoni yangu. Umeme wa pikipiki hutoka kwenye magneti: sumaku inazunguka kando ya koili za shaba, na umeme unazaliwa, jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Ukiinua macho hapo Embulbul utaona mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen kwenye Vilima vya Ngong ikifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850. Magneti ya pikipiki ndogo aghalabu haifiki wati 100. Taa kubwa ya mbele peke yake inataka wati 35. Ya breki inataka 21, na indiketa mbili zinazowaka pamoja zinataka 20. Sasa ongeza spoti mbili za wati 20 kila moja, redio, chaja na ukanda wa taa, na hesabu imepita mapato. Pikipiki kubwa za safari za Ulaya huzalisha wati mia kadhaa, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kuongeza vitu bila kuwaza sana. Wa Bulbul hana nafasi hiyo. Kila wati anayoitoa mahali ataikosa mahali pengine, na fundi asipomwambia leo, betri itamwambia baada ya wiki chache, alfajiri yenye baridi ya Ngong, pikipiki ikikataa kuwaka.

Kwa hiyo fundi hupima kwanza. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka na kupandishwa mzunguko kidogo, kipimo hupanda hadi karibu 14, maana yake chaji inaingia. Kisha huwashwa taa zote kwa pamoja. Kipimo kikibaki juu ya 13, mzigo unabebeka. Kikishuka chini ya 12.6 na kubaki huko, taa zinakula akiba ya betri. Nimewatazama mafundi wakimwita mwenye pikipiki aje asome tarakimu hizo mwenyewe, kwa utulivu, na sioni heshima kubwa kuliko hiyo ambayo fundi anaweza kumpa mteja. Mara nyingi mwenye pikipiki huondoka akiwa amechagua spoti na chaja, na kuuacha ukanda wa rangi.

Kisha kiti hung'olewa, tenki hulegezwa, na kazi isiyoonekana huanza. Fyuzi hutangulia. Inakaa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa kuwa kipande chochote cha waya kilichoko kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Watu wengi hudhani fyuzi inalinda taa, kumbe inalinda waya. Spoti mbili za wati 40 kwa jumla hunywa ampea tatu na kitu tu, hivyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Anayeweka ya 20 ili isisumbue kuungua ameuruhusu waya mwembamba upate moto hadi uyeyushe ganda lake, nao umelala chini ya lita kumi za petroli. Hili silichukulii kama kosa dogo la kiufundi hata kidogo. Ni kumwekea mtu hatari mahali ambapo hatatazama.

Baada ya fyuzi, rilei. Honi ya lori inaweza kunywa ampea kumi na zaidi, na swichi ndogo ya usukani haikuundwa kuubeba mkondo huo. Ukiupitisha humo, siku moja kidole kitasikia joto na plastiki itaanza kunuka. Rilei huigawa kazi mara mbili. Swichi huamsha koili ndogo kati ya pini 85 na 86 kwa mkondo kidogo sana, nayo koili huvuta kiungo kinachoupeleka mkondo mzito kutoka pini 30 hadi 87. Namba hizo zimechorwa kwenye kasha la rilei, iwe ya gari au ya pikipiki, na kijana anayezijua hakwami popote. Waya wa kuiamsha rilei huchukuliwa mahali ambapo umeme hupatikana ufunguo ukiwa umefunguliwa tu, ili vifaa vizime pamoja na pikipiki, hata kama mwenyewe amesahau.

Njia ya waya ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Usukani hugeuka kushoto na kulia maelfu ya mara kwa siku, hivyo pale shingoni waya unahitaji ulegevu wa kutosha, wala usizidi ukabanwa na uma. Fundi huugeuza usukani hadi mwisho pande zote mbili akiushika waya kwa vidole. Huukwepesha na injini na bomba la moshi. Kabla ya kila kiungo huuacha uning'inie kidogo, ili maji ya mvua ya Aprili yatiririke hadi chini ya ule mkunjo na kudondoka, yasifuate waya hadi ndani ya kifaa. Viungo vyenyewe havisokotwi na kuzungushiwa tepu nyeusi tu, kwa maana gundi ya tepu huyeyuka juani, unyevu ukaingia, shaba ikaota kutu ya kijani. Hubanwa kwa koleo na kuvikwa mpira unaonywea kwa joto. Waya wa eathi nao hufungwa kwenye chuma kilichosuguliwa rangi yote ikatoka. Taa nyingi zinazosemekana zimeharibika ni nzima, ila eathi yake imefungwa juu ya rangi.

Mwisho spoti huelekezwa chini, zimulike lami na zisichome macho ya wanaokuja kutoka Ngong. Wateja wengine hulalamika kwamba haziendi mbali. Fundi anayesimama imara hapo anawahudumia watu ambao hawatamlipa hata shilingi.

Malipo yake, kwa kweli, yananiuma. Mteja huiona taa na bei yake dukani, kisha huanza kubishana juu ya ufundi kana kwamba saa tatu za kulegeza tenki, kupima na kubana viungo ni nyongeza. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutahini mafundi wa umeme wa magari kwa madaraja. Ningependa kuwaona vijana hawa wakifika huko kwa wingi, kwa sababu wanachokijua kinapimika.

Na kazi inabadilika. Pikipiki za umeme za Roam, Spiro na Ampersand sasa ziko Nairobi. Betri zake ni za volti nyingi kuliko 12, na taa na chaja hulishwa kupitia kibadilishaji kinachoishusha volti hiyo. Kibadilishaji nacho kina kikomo cha ampea. Kijana aliyezoea kupima kabla ya kufunga atakisoma kikomo hicho kwenye kibandiko chake, atoe hesabu ya vilivyopo, na amweleze mteja kilichobaki.