Dizeli Kwenye Land Rover ya Petroli

Mwenye Land Rover ya zamani akishang'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli, kila anapoegesha huulizwa jambo moja: sasa linakula kiasi gani? Anayeuliza anataka namba moja tu, na mwenye gari huwa nayo tayari mdomoni. Mimi nimezoea kumuuliza fundi. Jibu lake ni refu, na linaanzia mbali sana na kituo cha mafuta.

Gereji ninayoizungumzia iko Mwisenge, Musoma. Wengi wanaijua Mwisenge kwa shule yake ya msingi, ambako Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934 akitokea Butiama. Magari yanayoletwa hapa hutoka njia hizo hizo: Butiama, Bunda vijijini, Majita. Ni magari ya kazi, yanayobeba dagaa, mihogo, mbao na watu. Land Rover 109 bado zimo, na zilizo nyingi ni za Series III, zenye injini ya petroli ya lita 2.25. Ikipakiwa mzigo kwenye barabara ya vumbi, injini hiyo hutembea kilomita 5 au 6 kwa lita. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kuwaza dizeli.

Sababu ya dizeli kula kidogo inafaa ieleweke, maana kazi yote ya fundi inaifuata. Kwenye petroli ya kabureta, hewa inayoingia huzibwa na kipepeo. Dereva akikanyaga kidogo, injini hupoteza nguvu kwa kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu. Dizeli haina mlango huo. Hewa huingia yote, hubanwa mpaka ujazo wake unakuwa sehemu moja tu kati ya 22, ilhali Land Rover ile ya petroli huibana mara 8 tu, kisha joto la kubanwa huwasha mafuta bila cheche. Kinachopimwa ni mafuta peke yake. Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati ule hazikulikaribia. Kwa gari la kazi faida huwa kubwa zaidi, kwa kuwa linatembea taratibu, linasimama kupakia, linaunguruma bila mzigo likisubiri abiria, na hizo ndizo saa ambazo petroli hupotea bure.

Injini inayopendwa hapa ni Toyota 3L, yenye ujazo wa lita 2.8, iliyozaliwa kwenye Hilux na Hiace. Hufika ikiwa ya mtumba kutoka Japani, mara nyingi kupitia maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Haina turbo wala kompyuta. Hiace zilivyojaa nchini, ringi, nozeli na gasketi zake hazikosekani hata kwenye miji midogo. Fundi huipima kompresheni kabla hata mwenye gari hajamaliza kuhesabu pesa, silinda moja moja, na ikitofautiana sana huikataa.

Kisha huanza kazi ninayoweza kuitazama asubuhi nzima. Injini ni ya Toyota, gia boksi ni ya Land Rover, na hakuna tundu la boliti la hii linalokutana na la ile. Katikati inahitajika sahani nene ya chuma, yenye matundu ya pande zote mbili. Kuitoboa ni rahisi. Ugumu uko kwenye kuiweka ili kitovu cha flaiwili na kitovu cha shafti ya gia boksi vilale kwenye mstari mmoja. Fundi hukereza sahani, huifunga, huweka saa ya kupimia juu ya flaiwili na kuizungusha injini kwa mkono. Mshale ukicheza, hufungua. Hugusa kidogo kwa tupa, hufunga tena, huzungusha tena. Wakati mmoja mwenye gari alichoka kusubiri.

"Fundi, si pametosha hapo?"

"Mzee wangu, nikipaacha hivi utanunua klachi nyingine kabla ya masika."

Akafungua boliti zote tena. Shafti iliyotoka nje ya mstari kwa unene wa karatasi hula beringi, hula klachi, na hula mafuta pia, kwa kuwa nguvu inayosugua chuma haifiki kwenye gurudumu. Atakayefungua gari hilo baadaye hataona chochote cha kusifia pale. Ataona sahani na boliti.

Mambo mengine hupita haraka zaidi, ila hayarukwi. Tangi la petroli huoshwa, hukaushwa, huongezewa bomba la kurudisha mafuta yanayobaki kwenye nozeli. Filta ya dizeli yenye kikombe cha kukamata maji hufungwa mahali ambapo mkono unafika. Waya za plagi za hita hufungwa, betri huongezwa nguvu. Springi za mbele hutazamwa, kwa kuwa dizeli ni nzito. Na breki: kile kikopo cheusi kinachosaidia mguu hutumia mvuto wa injini ya petroli, na dizeli haina mvuto huo. Alteneta halisi ya 3L ina pampu ndogo mgongoni kwa ajili hiyo. Nimeona magari yaliyofungwa alteneta nyingine kwa sababu ilipatikana kwa bei nafuu, yakatolewa gereji yakiwa na pedali ngumu ambayo mtu mwepesi hawezi kuikandamiza. Fundi wa Mwisenge haliwashi gari mpaka pampu hiyo iwepo na bomba lake la oili liwe limekazwa.

Sasa pampu ya mafuta yenyewe. Robert Bosch alianza kuuza pampu za dizeli mwaka 1927, na tangu hapo dizeli ikaweza kuingia kwenye magari. Ndani ya pampu ya 3L, kipistoni na nyumba yake vimeachana kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na kinacholainisha ni dizeli yenyewe. Ndiyo sababu dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huiua pampu kimyakimya, na ndiyo sababu nilifurahi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili uchakachuaji ugundulike. Lakini Mwisenge kuna jambo lingine. Ziwa Victoria, lililo kando ya mji huu, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pampu iliyorekebishwa pwani huleta mafuta ya hewa ya pwani. Ikifika Musoma hewa haitoshi kuyachoma, na yaliyosalia hutoka ekzosi yakiwa moshi mweusi. Wapo madereva wanaojivunia moshi huo, wakidhani ni nguvu. Ni mafuta waliyoyalipia.

Fundi hupandisha gari mlimani, mzigo ukiwemo, dirisha wazi, akitazama kioo cha pembeni. Anarudi, analegeza nati, anageuza skurubu ya mafuta kidogo, robo ya mzunguko au pungufu, anakaza, anapanda tena. Anatafuta mahali ambapo moshi unaonekana kwa shida gari likivuta kwa nguvu zote, na kutoweka likipata mteremko. Taiming ya pampu huiweka kwa alama kwanza, kisha kwa kipimo, kisha kwa sikio: ikiwahi, injini hugonga kwa ukali, ikichelewa, huwa laini lakini nzito, na joto hupanda. Anasikiliza akiwa ameinama, mkono juu ya mfuniko wa tapeti, na hakuna anayemsemesha.

Hata hapo, gari linaweza kula vibaya. Land Rover 109 ilitoka kiwandani na difu za 4.70, zilizokusudiwa injini ndogo ivute mzigo mkubwa. Kwa tairi za 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huizungusha injini karibu mara 2,900 kwa dakika. Dizeli ya Toyota haihitaji kupiga kelele hivyo. Ubavu wake uko chini zaidi, kwenye 2,400. Fundi akipata difu za 3.54 za Land Rover 110, mbele na nyuma zote mbili ili foo wili isivunje gia, mwendo ule ule hushuka mpaka karibu 2,200. Kwa macho yangu badiliko hili ndilo linaloikamilisha kazi, na ndilo ambalo wenye haraka huliacha.

Likishafanyika, dashibodi huanza kusema uongo. Spidomita ya gari hili huzungushwa kutoka kwenye gia boksi, kabla ya difu. Difu ikiwa ndefu, kama hizi za 3.54, shafti huzunguka mara chache zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kilomita 100 za kweli huandikwa kama 75. Mwenye gari hugawa kilomita hizo kwa lita, hupata namba mbaya, huja gereji amekasirika. Fundi humpa kalamu. Namba ya dashibodi zidisha kwa 1.33. Au bora zaidi, hesabu vibao vya kilomita kwenye lami ya kwenda Bunda na uone gari linasema nini.

Kupima mafuta kuna adabu yake. Tangi hujazwa mpaka juu, mtu husubiri povu la dizeli lishuke, hujaza tena. Gari hufanya kazi yake ya kawaida, kwa siku zenye mzigo na siku zisizo na mzigo. Kisha hujazwa kwenye kituo kile kile, pampu ile ile, gari likiwa limeegeshwa vile vile, na lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Kazi ikiwa nzuri, 109 yenye 3L na difu ndefu huwa inaleta kilomita 9 kwa lita, pengine 10 kwenye lami. Fundi mwaminifu huongeza neno: lita ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli na ina nishati zaidi, kama asilimia 12 hivi, kwa hiyo sehemu ya faida hiyo ni ya mafuta yenyewe, si ya mikono yake. Sijamsikia fundi mwingine akijipunguzia sifa namna hiyo mbele ya mteja.

Bei ya lita hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Musoma huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali kutoka bandarini, basi fundi hesabu yake huifanya kwa lita. Gari la kilomita 1,000 kwa mwezi lilikuwa likinywa lita 182 lilipotembea kilomita 5.5 kwa lita; likitembea kilomita 9 kwa lita litakunywa 111. Lita 71 kila mwezi ni pesa ya kulipia injini, na mwenye gari ataiona. Fundi humkumbusha pia kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko lazima yafike TRA, mamlaka ya mapato, kabla trafiki hajafungua boneti.

Akija mtu ambaye gari lake hutoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi, kilomita 150 kwa mwezi, fundi hupiga hesabu ile ile mbele yake: anaokoa lita 11. Lita 11 hazinunui injini, sahani, difu na klachi. Huyo humsafishia kabureta, humwekea plagi mpya, humpimia taiming na upepo wa matairi, kisha humwambia ajaze tangi, atembee mpaka liishe, na arudi na namba zake.