Udongo wa Uruk: Kifo na Jina katika Utendi wa Gilgamesh

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa katika chumba cha mtihani Utendi wa Gilgamesh una funzo gani, mara nyingi hujibu kwamba mwili wa binadamu hufa lakini kazi yake hubaki. Ushahidi wake ni ukuta wa mji wa Uruk, ambao shujaa anauonyesha mwishoni mwa safari yake ndefu ya kutafuta uzima wa milele. Jibu hili si kosa tupu. Limo katika vitabu kadha wa kadha vya uhakiki, na mtahini hana budi kulitolea alama.

Hata hivyo, makala haya yananuia kuonyesha kwamba jibu hilo linamrudishia shujaa kitu ambacho utendi umejitahidi, kwa muda wa vibao 11 vya udongo, kumvua: kiu ya jina lake mwenyewe. Ni dai letu kwamba utendi huu haumnyimi Gilgamesh uzima wa milele ili umpe sifa ya milele kama fidia. Unamrudisha kwenye udongo anamotoka kila binadamu, kisha unamfunza kuutazama udongo huo pamoja na mwenzake. Ili hoja hii isimame, hatuna budi kwanza kukubaliana kuhusu matini tunayoihakiki.

Suala la matini

Utendi wa Gilgamesh si mmoja. Yapo mashairi matano ya Kisumeri yanayomhusu mfalme huyu, kila moja likiwa na kisa chake. Upo pia utendi wa Kibabeli cha kale, uliotungwa kwa lugha ya Kiakadi, ambao nakala zake za karibu karne ya 18 K.K. zimetufikia vipande vipande. Baadaye likaja toleo sanifu la vibao 12, ambalo Wababeli wenyewe walilinasibisha na msomi aitwaye Sin-leqi-unninni, na ambalo wataalamu wanakadiria kuwa liliandikwa kati ya mwaka wa 1300 na wa 1000 K.K.

Wengi wetu tuliufahamu utendi huu kwanza kupitia tafsiri ya nathari ya N. K. Sandars iliyochapishwa mwaka 1960. Tafsiri hiyo ina utamu wake, na imeufikisha utendi kwa wasomaji ambao wasingeusikia kamwe. Lakini ni kazi ya kuunganisha. Mawaidha ya Siduri, mwanamke muuza pombe anayemhimiza shujaa ale, afurahi, amshike mtoto wake mkono na ampendeze mkewe, yanatoka katika utendi wa Kibabeli cha kale. Kifo cha shujaa kinachofunga kitabu kinatoka katika shairi la Kisumeri. Matokeo yake ni kwamba msomaji anakutana na mfalme anayeshauriwa vyema, anayejenga, anayekufa na anayeliliwa. Hadithi hiyo imekamilika vizuri, ila si hadithi ya toleo sanifu. Katika toleo sanifu, kama lilivyohaririwa kwa kina na Andrew George mwaka 2003, Siduri hatoi mawaidha hayo, na vibao 11 vinakwisha shujaa akiwa hai.

Tofauti hii si ya wanaisimu wa lugha za kale pekee. Toleo la kale lilifunguka kwa kumtukuza mfalme aliyewapita wafalme wote. Toleo sanifu limetanguliza mbele ya sifa hizo mistari mipya inayomtaja mtu aliyevifikia vilindi, akapata maarifa na kurejea amechoka. Kwa hivyo, kabla hatujamwona shujaa akiwa na nguvu, tumekwisha kumwona akiwa hoi. Msanii aliyefanya badiliko hilo alijua alichokifanya, na ni yeye tunayemfuata hapa.

Jina na gharama yake

Mwanzoni Gilgamesh haogopi kifo. Yeye ni theluthi mbili mungu na theluthi moja binadamu, na theluthi hiyo moja haijapata kumsumbua. Anapoamua kwenda Msitu wa Mierezi kumkabili Humbaba, hoja yake, iliyohifadhiwa waziwazi zaidi katika toleo la kale, ni kwamba siku za binadamu zimehesabiwa, na akianguka vitani angalau atakuwa amejijengea jina. Kwa maneno mengine, jibu la mwanafunzi wetu ndilo lililokuwa jibu la shujaa tangu mwanzo wa safari. Kama lingekuwa pia ndilo la mwisho, basi utendi mzima usingekuwa na haja.

Jina hilo linapatikana, lakini kwa gharama. Humbaba amewekwa na mungu Enlil kuulinda msitu. Kibao kilichonunuliwa na Jumba la Makumbusho la Sulaymaniyah nchini Iraki mwaka 2011, na kuchapishwa na Farouk Al-Rawi na Andrew George mwaka 2014, kimetuongezea mistari ambayo hatukuwa nayo: Enkidu anakiri kwamba wameufanya msitu kuwa ukiwa, na anahofia ghadhabu ya Enlil. Ushindi na majuto vimewekwa bega kwa bega. Mwishowe gharama inalipwa na Enkidu, si na Gilgamesh.

Mwili wa Enkidu

Enkidu alifinyangwa kwa udongo na mungu wa kike Aruru ili awe mwenzi wa Gilgamesh na kuutuliza ubabe wake juu ya watu wa Uruk. Anakufa kitandani kwa maradhi, akisikitika kwamba hakupata kifo cha vitani ambacho kingempa sifa. Gilgamesh anamlilia, kisha anawaita mafundi wamtengenezee rafiki yake sanamu ya madini na vito vya thamani.

Sanamu hii haijapewa uzito unaostahili katika uhakiki. Hapa, katika Kibao cha 8, pana ukumbusho wa kudumu uliojengwa na mfalme mwenye uwezo wote, tena kwa mali isiyooza. Ikiwa utendi unaamini kwamba kazi za mikono hushinda kifo, hapa ndipo mahali pa kusema hivyo. Lakini sanamu haimponyi mtu. Mara baada ya mazishi Gilgamesh anaziacha nguo za kifalme, anavaa ngozi za wanyama, na anatangatanga nyikani akiogopa kifo.

Kisa anachokisimulia njiani ni kimoja. Anamsimulia Siduri, anamsimulia Urshanabi mwenye chombo, anamsimulia Uta-napishti: alikataa kumzika rafiki yake siku sita na usiku saba, mpaka funza akadondoka puani mwa maiti, na sasa rafiki aliyempenda amegeuka udongo. Urudiaji huu ni mbinu ya usimulizi ambayo msomaji wa tendi zetu anaizoea. Hapa, aidha, ni dalili ya akili iliyokwama mahali pamoja. Msimulizi haongezi neno wala hapunguzi, kwa sababu aliyefiwa hana neno jingine.

Msomaji aliyelelewa kwa Utendi wa Fumo Liyongo ataona tofauti mara moja. Liyongo, baada ya kudungwa sindano ya shaba kitovuni, anapiga magoti karibu na kisima akiwa na upinde wake, na watu hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Maiti ya Liyongo inaendelea kuutawala mji. Maiti ya Enkidu haimtawali mtu. Funza mmoja anatosha kumaliza ushujaa wake. Tukiusoma utendi wa Mesopotamia kwa matarajio ya Liyongo, tutatafuta shujaa aliyeshinda kifo kwa sifa, na tutamwona hata asipokuwapo.

Ng'ambo ya maji ya mauti

Uta-napishti, mtu pekee pamoja na mkewe waliopewa uzima wa milele, hana siri ya kumfundisha Gilgamesh. Ana kisa tu. Anaeleza jinsi gharika ilivyoufunika ulimwengu, na jinsi alivyochungulia nje baada ya dhoruba akaona watu wote wamegeuka udongo. Baada ya hapo miungu ilikutana na kumpa uzima. Swali lake kwa mgeni ni la kisheria zaidi kuliko la kidini: ni nani atakayeikusanya miungu tena kwa ajili yako? Uzima wa milele si tuzo inayoshindaniwa. Ulitolewa mara moja, kwa sababu ya tukio ambalo halitarudiwa.

Jaribio la usingizi linafuata. Shujaa anatakiwa akeshe siku sita na usiku saba, muda ule ule aliokaa na maiti ya Enkidu, lakini analala mara anapokaa. Mke wa Uta-napishti anaoka mkate kila siku na kuuweka karibu naye. Anapoamshwa, Gilgamesh anakana kuwa alilala, ndipo anapoonyeshwa mikate: wa kwanza umekauka, mingine imeharibika kwa kadiri ya siku zake, wa mwisho ungali motoni. Hatuoni katika utendi huu taswira ya wakati iliyo ya kawaida zaidi, wala iliyo kali zaidi. Kifo hakikuja kwa radi. Kimehesabiwa kwa ukungu wa mkate, jikoni mwa mwanamke.

Kuhusu mmea wa kurudisha ujana, wahakiki wengine wamesifu uamuzi wa Gilgamesh wa kuupeleka Uruk na kumlisha mzee kwanza, wakaona ukarimu wa mfalme aliyebadilika. Sisi tunaona pia hofu, kwani mzee huyo anatumiwa kuujaribu mmea kabla mfalme mwenyewe hajaula. Pengine yote mawili yapo. Nyoka anapouiba na kujivua gamba, shujaa analia mbele ya Urshanabi na kukiri kwamba jasho lake halikumfaa yeye mwenyewe, bali limemfaa nyoka.

Ukuta usio na mwenyewe

Sasa tunaweza kurudi kwenye ukuta. Anapofika Uruk, Gilgamesh anamwalika Urshanabi apande juu ya ukuta, atembee, aukague msingi na matofali. Maneno haya yamekwisha kusemwa na msimulizi katika Kibao cha 1. Lakini pana tofauti ambayo wanaousoma ukuta kama ushindi wa jina hawaitaji. Msimulizi ndiye aliyesema kwamba Gilgamesh aliujenga ukuta huo. Shujaa mwenyewe, katika hotuba hii ya mwisho, hajitaji. Anasema msingi uliwekwa na Wahenga Saba. Mtu aliyekwenda msituni ili asimamishe jina lake amepewa nafasi bora kuliko zote ya kulitamka, na hakulitamka.

Kisha anautaja mpangilio wa mji: sehemu ya makazi, sehemu ya mitende, sehemu ya machimbo ya udongo, na hekalu la Ishtar. Machimbo ya udongo yana eneo sawa na makazi ya watu. Udongo huo ndio wa matofali, ndio wa vibao vya kuandikia, na katika mantiki ya utendi ndio aliofinyangwa Enkidu na ndio aliogeuka. Gilgamesh, aliyekimbia hadi mwisho wa dunia kwa sababu rafiki yake amekuwa udongo, sasa anauonyesha udongo huo huo kwa mkono wake, bila kuukimbia.

Wala wasikilizaji wa kale hawakuhitaji kuambiwa kwamba ukuta hubomoka. Katika karne ya 19 K.K., Mfalme Anam wa Uruk aliacha maandishi yanayoeleza kuwa ameujenga upya ukuta huo, kazi ya kale ya Gilgamesh. Ukuta ulidumu kwa kuwa palikuwa na watu wa kuukarabati.

Hoja hiyo inatusaidia kukisoma Kibao cha 12, ambacho wengi wanakiona kuwa nyongeza, kwa kuwa ni tafsiri ya sehemu ya shairi la Kisumeri na humo Enkidu yu hai tena. Hatupingi kwamba kisimulizi hakiungani na vilivyotangulia. Kimaudhui kinaungana. Humo Enkidu anaeleza hali za wafu kuzimuni: mwenye wana saba ana hali bora kuliko mwenye mmoja, na asiye na mtu wa kumtolea sadaka hula makombo. Hakuna mfu anayejilisha kwa sifa zake. Analishwa na mikono ya walio hai.

Hitimisho

Huenda tukajibiwa kwamba utendi wenyewe umeishi, na kwa hivyo Gilgamesh ameshinda. Jibu hilo linavutia, lakini historia ya vibao inatutaka tuwe waangalifu. Ninawi, yalikokuwa maktaba ya Mfalme Ashurbanipal, ilianguka mwaka 612 K.K. Hatimaye usomaji wa kikabari nao ulikufa, na kwa karibu miaka 2,000 hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuusoma utendi huu. Vibao vilifukuliwa katikati ya karne ya 19 na Austen Henry Layard na Hormuzd Rassam, na mwaka 1872 George Smith akakitangaza kisa cha gharika mjini London. Kazi ilibaki, ndiyo, lakini ilibaki kama udongo ardhini hadi alipopatikana msomaji.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu, badala ya kuuliza utendi huu unafunza nini, aulize swali dogo zaidi: katika hotuba ya mwisho, nani anamwambia nani? Mwanafunzi atagundua kwamba anayesemeshwa si mwana wa mfalme, wala mungu, wala raia wa Uruk. Ni Urshanabi, mwenye chombo wa Uta-napishti, aliyefukuzwa kazini kwa kumvusha mgeni, na ambaye hajapata kuuona mji huu. Gilgamesh anamwomba apande na atazame. Wakati huo hamwombi amkumbuke.