Kijerumani kina adabu, tatizo ni tunavyokifunza

KUNA dhana iliyokita mizizi miongoni mwa baadhi ya Wakenya wanaojifunza Kijerumani kwamba lugha hiyo haina adabu. Eti Mjerumani hukuuliza jambo kavukavu kama askari anayekuhoji! Naipinga dhana hii, na mfano wangu ninautoa mezani: namna ya kumuuliza mtu kuhusu mzio wa chakula, au aleji kama wengi wetu tunavyosema.

Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin mnamo Septemba 2024. Vijana wanaolenga kazi za uuguzi au hoteli huko watalihitaji swali hili kila siku. Si swali la porojo. Mwenye mzio mkali wa njugu anaweza kufa kwa kuonja kidogo tu. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutekelezwa Desemba 2014, inataka wauzaji wa chakula wataje makundi 14 ya viambato vinavyosababisha mzio, yakiwemo maziwa, mayai, samaki na njugu.

Kosa la kwanza ninalolikosoa ni kuhamisha adabu ya Kiswahili ilivyo. Sisi heshima tunaiweka katika jina la kumwitia mtu: mama, mzee, nyanya. Kijerumani huiweka katika kiwakilishi na kitenzi. Muuguzi akimwita mgonjwa asiye wa ukoo wake “Oma”, yaani nyanya, anaweza kumuudhi. Amwite Frau au Herr pamoja na jina la ukoo, kisha atumie “Sie”, wala si “du” ya marafiki na watoto. “Haben Sie Allergien?” ni swali fupi lakini lina heshima zake. Anayetaka kulilainisha zaidi aseme “Darf ich fragen, ob Sie Allergien haben?”, yaani anaomba ruhusa ya kuuliza. Mteja naye humwambia mhudumu “Könnten Sie mir sagen, ob da Nüsse drin sind?” Hiyo “könnten” inafanya kazi inayokaribiana na ya -nge- katika “ningeomba” yetu.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu huvaa joho la upole: kuuliza kwa ukanushi. “Huna mzio wowote, sivyo?” Kwa Kiswahili, asiye na mzio hujibu “Ndiyo, sina”, akiwa anaafikiana na muulizaji. Kwa Kijerumani mambo ni kinyume. Ukiulizwa “Sie haben keine Allergien, oder?”, “Nein” humaanisha huna, na “Doch” humaanisha unao. Sasa Mkenya akijibu “Ja” kwa mazoea ya nyumbani, mpishi aelewe nini? Isitoshe, swali la aina hiyo humsukuma mtu akubali tu ili asionekane msumbufu. Wangapi kwetu hula wasichokiweza kwa kuona haya kukataa chakula cha wenyeji?

Neno letu mzio lenyewe lina funzo hapa. Mbali na maana ya kitabibu, limetumika pia kutaja chakula ambacho mtu hali kwa sababu ya mila. Kijerumani hutenganisha mambo hayo. “Gibt es etwas, das Sie nicht essen?” humpa mtu nafasi ya kutaja anachokiepuka kwa dini au kwa hiari. “Gibt es etwas, das Sie nicht vertragen?” huuliza kile ambacho mwili wake haukihimili, hata kama si mzio bali ni maziwa tu yanayomvuruga tumbo. Mwenyeji mwema huyauliza yote mawili, tena kabla ya kuanza kupika.

Naonelea kwamba walimu wetu wa lugha za kigeni, na hata wa Kiswahili, wamezama mno katika sarufi na orodha za msamiati wakasahau pragmatiki, yaani matumizi ya lugha katika muktadha. Mwanafunzi anaweza kukariri jina la kila chakula sokoni na bado akashindwa kumuuliza mgonjwa swali linalojibika. Darasani, zoezi la “ja”, “nein” na “doch” lifanywe kwa mazungumzo ya mezani na ya wodini, mwanafunzi akiwa muulizaji na pia muulizwa, mpaka “doch” imtoke bila kufikiri.