Herufi Nene za Matatu za Eldoret

Hongera kwa mafundi wa Eldoret wanaoandika matatu kwa brashi! Tangu kanuni zilizoanza kutekelezwa 2004, matatu za Kenya hubeba mstari wa manjano ubavuni, na njia sharti isomeke. ELDORET–KAPSABET: maneno marefu, nafasi finyu. Fundi huzibana herufi, huzinenepesha nguzo zake, kisha huacha upenyo mdogo ndani ya O na A. Upenyo huo ndio ufundi wenyewe; ukiziba, jina hugeuka doa. Geoffrey Lee, Mwingereza, aliifuata mbinu hiyohiyo alipochora fonti ya Impact mwaka 1965: wino mwingi, hewa kidogo. Lakini herufi za kompyuta huja zimeshapimwa. Za brashi hupimwa kwa jicho, gari kwa gari, hivyo wenye magari wawalipe mafundi hawa ipasavyo.