Mchango upangwe na nani?

Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilizoea matibabu kuwa sehemu ya mshahara. Aliyeajiriwa na kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye na kampuni ya serikali iliyoirithi, Gécamines, alitibiwa yeye na familia yake katika hospitali ya kampuni, na hakuna aliyemwita mkutanoni. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka na uzalishaji ukaporomoka. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kukiita kitabu chake cha 2001 *Bana Shaba abandonnés par leur père*: wana wa shaba waliotupwa na baba yao.

Anayetaka kuziba pengo hilo kwa kuanzisha mutueli ya afya hapa, yaani mfuko wa matibabu unaochangiwa na wanachama, aanze kwa kuichambua ile ya Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, iliyoanza 1986. Mchango ulilinganishwa na bei ya kilo mbili za soya, ukakusanywa wakati wakulima wamekwisha kuuza mazao. Kaya iliandikishwa nzima, kwa hiyo hakuna aliyemkatia kadi mgonjwa peke yake. Mwanachama aliyefika hospitalini na rufaa ya kituo cha afya alilipa asilimia 20 tu ya gharama. Ndani ya wiki nne, karibu asilimia 28 ya wakazi walikuwa wamejiunga.

Lakini walioamua ni wakuu wa hospitali na zone ya afya. Wanakijiji walisikilizwa, hawakupiga kura. Naona hilo halikuwagharimu sana, maana msimu wa mavuno kila mtu anaujua, hata daktari.

Kolwezi haina msimu wa namna hiyo. Mchimbaji mdogo hupata fedha siku depo ya Musompo inapoyapima mawe yake kwa Metorex, kifaa cha kupimia madini, na kumtajia asilimia ya shaba au kobalti. Wiki inayofuata shimo limejaa maji, mfuko mtupu. Ofisi ya hospitali haiwezi kuyajua haya, mlipaji anayajua. Ndiyo maana kiwango cha mchango, na kama utalipwa kwa wiki au kwa mwezi, viamuliwe na mkutano mkuu. Mkataba na hospitali, bei za upasuaji na ukaguzi wa ankara viachiwe bodi, kwani umati hauwezi kukagua ankara.

Kanuni za kuiga zipo, ingawa mutueli si ushirika kisheria. OHADA, umoja wa nchi za Afrika unaooanisha sheria za biashara, ina sheria ya 2010 kuhusu ushirika, inayoihusu Kongo tangu ilipojiunga 2012; inampa kila mwanachama kura moja, hata awe na hisa ngapi. Ushirika wenye bodi unahitaji watu wasiopungua 15, na bodi huwa na wajumbe 3 hadi 12. Tatizo ni sifa: mchimbaji anaujua ushirika kama kitu cha mwenyekiti, kinachomkata fedha machimboni bila kumuuliza. Mutueli itakayomwomba mchango kabla ya kumwonyesha daftari la hesabu itawekwa kapu hilohilo. Na mkutano mkuu usiitwe Jumatatu asubuhi, watu wako shimoni.